Maneno ya Mahututi: Habari za Lugha katika Mafunzo ya Huduma ya Wagonjwa Mahututi, pamoja na Mfano wa Mkoa wa Katavi

Neno "mahututi" si geni katika Kiswahili. Tangu zamani hutumika kueleza hali ya mtu aliyezidiwa na maradhi hata akakaribia kufa. Kwa sarufi ni neno lisilobadilika: halichukui kiambishi cha ngeli yo yote, bali husemwa "yu mahututi", "wako mahututi", "mgonjwa mahututi". Hivi leo neno hili limepata kazi nyingine. Limeingia katika majina ya wodi, ya vyeo na ya masomo ya uzamili; daktari aliyesomea fani hiyo huitwa daktari bingwa wa usingizi na wagonjwa mahututi. Neno lililotumika aghalabu wakati ndugu wanapoitana kuja kumwaga mgonjwa limekuwa jina la elimu ya kumzuia asiende.

Badiliko hili latazamiwa kuwavuta wanaochunguza lugha, maana wataalamu wanaofunzwa fani hiyo husoma kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha huenda kuitenda kazi yao kwa Kiswahili, na mara nyingine mahali ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili ya mgonjwa. Makala haya yaeleza kwa ufupi jinsi mafunzo hayo yalivyo, kisha yaonyesha mahali ambapo neno moja likikosewa laweza kumdhuru mtu. Mfano umechukuliwa mkoa wa Katavi, kwa sababu hali ya lugha ilivyo huko yadhihirisha jambo hili waziwazi.

1. Chanzo cha huduma na cha mafunzo

Huduma ya wagonjwa mahututi kama ijulikanavyo leo huhesabiwa kuanza mjini Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Mwaka huo ugonjwa wa polio ulienea mjini kwa ukali. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia wakafa kwa kukosa pumzi. Mwezi wa Agosti aliitwa Bjørn Ibsen, daktari wa dawa za usingizi, akatazame kama ujuzi wa chumba cha upasuaji ungeweza kufaa wodini. Binti mmoja wa miaka 12 alitobolewa koo, akatiwa mpira, na hewa ikasukumwa mapafuni kwa mkono. Akaishi. Mashine zilikuwa chache mno, kwa hiyo wanafunzi wa udaktari zaidi ya 1,000 waliitwa kwa zamu, mchana na usiku, wakamine mifuko ya hewa kwa mikono yao. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wodi maalumu ya wagonjwa wa namna hiyo.

Yafaa kisa hiki kikumbukwe, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kiini cha huduma hii ni mashine. Sivyo. Kiini chake ni mtu aketiye karibu na mgonjwa, amtazamaye bila kuchoka, na atendaye mara aonapo badiliko. Hapo Kiswahili kimepata jina linalostahili kusifiwa, yaani "uangalizi maalumu". Kitenzi "angalia" chabeba maana mbili kwa pamoja: kutazama kwa makini, na kumtunza mtu. Ndiyo kazi yenyewe.

Katika Tanzania, shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, nayo ikakua hata ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Masomo ya ubingwa hutolewa pia Mwanza, katika chuo kilichopo Bugando, na Moshi, katika chuo cha KCMC. Daktari aliyekwisha kupata shahada ya kwanza husomea ubingwa kwa miaka 3 au 4, kwa kadiri ya chuo. Mwaka 2010 idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili, na mwaka huo huo yakaanza mafunzo ya uzamili ya fani hiyo. Wauguzi nao wana shahada yao ya uzamili katika huduma ya mahututi na majeruhi. Hivyo njia ipo kwa daktari na kwa muuguzi, ingawa waipitao bado ni wachache.

Walakini elimu ya mabingwa peke yake haitoshi, na sababu yake imeonyeshwa kwa hesabu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uliohusu wagonjwa wapatao 20,000. Mgonjwa mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Katika hao mahututi, wapatao 7 kati ya kila 10 hawakuwa katika wodi ya uangalizi maalumu, bali walilala katika wodi za kawaida. Na mmoja kati ya kila watano alifariki kabla ya siku 7 kupita. Wengi wao walikosa mambo yasiyo ya gharama kubwa: oksijeni, maji ya mshipani, au kulazwa ubavu ili njia ya hewa isizibe. Kabla ya hapo, mwaka 2021, wataalamu wa nchi mbalimbali walikwisha kupatana juu ya orodha ya matendo 40 ya msingi ambayo kila hospitali yapasa iweze kumfanyia mgonjwa mahututi ye yote, awe amelala wodi gani. Matendo mengi katika hayo hufanywa na muuguzi wa kawaida, na baadhi yake huanza kwa neno la ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Hapo ndipo lugha inapoingia.

2. Katavi na lugha zake

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Mji huo ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, na reli ya tawi ikaletwa kutoka Kaliua. Wenyeji wa asili ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Pamoja nao wako Wafipa, Waha, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kwa wingi. Katika makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mapema katika miaka ya 1970, na ya Mishamo, yaliyofuata mwaka 1978, wako watu waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao. Wengi walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ikaonyesha 1,152,958. Yaani katika miaka 10 idadi imezidi maradufu.

Katika mkoa huu hakuna chuo kikuu cha udaktari. Atakaye ubingwa hana budi kwenda Dar es Salaam, Mwanza, Moshi au Dodoma. Na mgonjwa aliyeshindikana Mpanda huenda akapelekwa Mbeya, safari ya kilomita zaidi ya 500. Kwa hiyo mtu anayezidiwa usiku katika zahanati ya Mishamo au kituo cha afya cha Mlele hupokewa kwanza na afisa tabibu au muuguzi, ambaye pengine ametoka Kilimanjaro au Mtwara, naye husema Kiswahili tu. Mgonjwa, hasa akiwa mzee au mwanamke aliyekaa maisha yake yote nyumbani, huenda akasema Kisukuma au Kirundi, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Wala si ajabu. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za bara. Lakini kwa mgonjwa mahututi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chombo kimojawapo cha kupimia ugonjwa wake ni lugha yenyewe.

3. Kipimo kinachopima lugha

Katika vipimo vinavyofundishwa kila mahali, kimoja ni kile cha kupimia fahamu, kilichotungwa mjini Glasgow na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Mpimaji hutazama mambo matatu: jinsi mgonjwa afumbuavyo macho, ambapo alama ya juu ni 4, jinsi ajibuvyo kwa maneno, ambapo alama ya juu ni 5, na jinsi aendeshavyo viungo vyake, ambapo alama ya juu ni 6. Mwenye fahamu timamu hupata 15. Asiye na fahamu kabisa hupata 3. Mtu akipata 8 au pungufu, huhesabiwa kuwa njia yake ya hewa iko hatarini.

Sasa atazamwe, mathalani, bibi mmoja aliyeanguka akaumia kichwa, akaletwa hospitali naye anajua Kisukuma peke yake. Amefumbua macho: anapata 4. Muuguzi anamwuliza kwa Kiswahili, "Bibi, hapa ni wapi? Leo siku gani?" Bibi anajibu kwa Kisukuma kwamba kichwa chamwuma na kwamba anamtaka mwanawe. Muuguzi hakusikia neno. Katika fomu yake alama ya 2 imewekwa kwa "sauti zisizoeleweka"; anaandika 2. Kisha anamwamuru, "Inua mkono." Bibi hakuinua, kwa sababu hakuelewa, lakini alipofinywa aliusogeza mkono palipomwuma, akapata 5 badala ya 6. Jumla ni 11. Bibi yule mwenye fahamu timamu, aliyestahili 15, amepunguziwa alama 4 na tofauti ya lugha.

Madhara yake ni ya namna mbili. Kwanza, huenda akapelekwa mbali kwa gharama ambayo nyumba yake haiiwezi, na hali hana haja ya kupelekwa. Pili, na hili ndilo baya zaidi, ikiwa damu itaanza kuvuja ndani ya fuvu usiku na fahamu zake zikapungua kwa kweli, muuguzi wa zamu ya pili ataona 11 katika fomu, atapima tena apate 11, na hatashtuka. Kipimo kilichotungwa ili kionyeshe badiliko kimelificha badiliko.

Mwanalugha hana budi kulitazama lile neno "zisizoeleweka". Kiambishi cha kutendeka, yaani -ek-, humwondoa mtenda katika sentensi. Sauti haieleweki, lakini haieleweki na nani? Je, si lugha ya mtu ye yote, au si lugha ya muuguzi tu? Kiswahili hakimlazimishi msemaji kujibu swali hilo, na kwa sababu hiyo muuguzi hajiulizi. Laiti fomu ingesema "miguno, sauti zisizo maneno", angalimtafuta kwanza mtu wa kumwambia kama yale yalikuwa maneno au sivyo. Badiliko hilo la maneno mawili matatu halina gharama yo yote. Wala haitoshi kubadilisha neno. Yapasa pia kipimo kifanywe mbele ya ndugu anayejua lugha ya mgonjwa, na fomu itaje lugha iliyotumika: "amejibu sawasawa kwa Kisukuma". Hapo zamu itakayofuata itajua imepokea nini.

4. Maneno yanayopoteza njia

Mbali na lugha nyingi, Kiswahili chenyewe kina maneno ya kila siku ambayo katika wodi hii hubeba maana zaidi ya moja. Machache yafaa kuelezwa.

"Koroma." Mtu aliyelala fofofo hukoroma, na nyumbani ni dalili ya usingizi mnono. Lakini asiye na fahamu akikoroma, maana yake ni kwamba ulimi umeanguka nyuma na njia ya hewa imezibwa nusu. Ndugu husema kwa furaha, "Sasa amelala, anakoroma," na hapo ndipo pa kumwinua kidevu na kumlaza ubavu mara moja. Neno ni lile lile. Matendo yatakiwayo hupingana.

"Lala." Kitenzi hiki chatosha kwa usingizi, kwa kulazwa hospitali, na kwa adabu hutumika hata kwa kifo. Muuguzi anayeondoka akimwambia anayeingia, "Mgonjwa wa kitanda cha nne amelala," hajamwambia kitu. Katika mafunzo yafaa kusisitizwa kwamba neno hili lisitumike katika kukabidhiana zamu; isemwe kama mgonjwa huamka akiitwa, au huamka akifinywa, au haamki kabisa.

"Pumua, pumzi, pumzika." Maneno haya ni ya ukoo mmoja. Mnyambuliko wa kutendea, "pumulia", umetoa jina zuri la "mashine ya kupumulia", nalo laeleweka na kila mtu. Hatari iko katika "pumzika" na "pumzisha". Daktari anayempa mgonjwa dawa ya usingizi ili mashine ifanye kazi bila kumsumbua, akiwaambia ndugu, "Tumempumzisha," huenda akasikia kilio. Kwa maana marehemu ndiye apumzikaye, naye hupumzishwa kaburini. "Tumempa usingizi wa dawa, tutamwamsha" ni sentensi ndefu kidogo, lakini haiui.

"Ondoa" na "achisha". Mgonjwa akianza kupata nafuu, msaada wa mashine hupunguzwa kidogo kidogo hata apumue mwenyewe. Ikisemwa, "Kesho tutamwondoa kwenye mashine," wengi husikia kwamba hospitali imekata tamaa. Kiswahili kina neno lifaalo sana hapa: mama humwachisha mtoto ziwa, wala hakuna adhaniaye kwamba amemtupa, ameona kwamba mtoto sasa aweza kula. "Kumwachisha mashine" huleta maana yote hiyo, pamoja na subira na hatua zake.

"Fufua." Kumsukuma kifua mtu ambaye moyo wake umesimama hutafsiriwa mara nyingi kuwa "kumfufua". Kwa Mkristo na kwa Mwislamu kufufua wafu ni kazi ya Mungu. Neno hilo huleta matumaini yasiyo na kadiri kwa mmoja, na chuki kwa mwingine. "Kuhuisha" na "kuushtua moyo" ni maneno ya adabu zaidi, nayo hayaahidi yasiyowezekana.

"Presha." Neno hili lilikuwa jina la kipimo, likageuka kuwa jina la ugonjwa: "ana presha" maana yake damu yake husukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Lakini kwa mahututi hatari kubwa aghalabu ni ile ya kushuka. Ndugu akiambiwa tu kwamba mgonjwa "ana presha", atafikiri juu ya chumvi na hasira. Hapana budi kusemwa "presha imeshuka", na kueleza kwamba damu haifiki panapotakiwa.

"Degedege." Mtoto akishikwa na degedege, wazee wa sehemu nyingi walilihesabu kuwa jambo la ndege au pepo, mbali na homa ya malaria; na imeandikwa kwamba wengine waliogopa mtoto wa namna hiyo asidungwe sindano. Neno lenyewe si baya, nalo lafahamika kote. Lakini mfanyakazi wa afya anapolitumia yampasa aliunge mara moja na malaria kali, ili jina la zamani libebe maarifa mapya.

Pamoja na hayo kuna maneno ya wenyewe ambayo hayana kasoro, ila hayasikilizwi. "Amezidiwa" na "amebadilika" ni ripoti za kitabibu zilizo kamili kwa kadiri ya msemaji. Ndugu aliyekaa na mgonjwa siku tatu akisema "amebadilika", ameona jambo ambalo fomu haijaliona. Kitenzi "uguza" hakikutenganisha tangu mwanzo mtu wa nyumbani na mtu wa hospitali. Wote wawili huuguza. Mafunzo yanayomwonyesha muuguzi kwamba neno "amebadilika" lamtaka ainuke akahesabu pumzi na mapigo papo hapo hayahitaji mashine wala umeme.

5. Juu ya kuunda istilahi

Kiswahili hakikuanza jana kutafuta maneno ya tiba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya tiba mwaka 2003. Kabla ya hapo watu wenyewe walikwisha kuunda "nusukaputi", neno ambalo nusu yake imetoka katika Kiarabu, na sehemu ya pili huhusishwa na Kijerumani. Kwalo walieleza vizuri, na kwa mzaha kidogo, hali ya mtu aliye kati ya uzima na kifo juu ya meza ya upasuaji. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika, "barakoa", lililokuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, likapewa kazi mpya, nalo likaenea mpaka bara.

Mafanikio ya "barakoa" yafundisha kwamba neno hukaa likiwa na mahali pa kukaa. Watu walikuwa na kitu mkononi, wakahitaji jina. Kwa huduma ya mahututi vitu vingi vimekwisha kufika: oksijeni, vifaa vya kidoleni vya kupimia oksijeni katika damu, mashine za kupumulia, na mwaka 2021 serikali ilitenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa majengo na vifaa vya namna hiyo. Maneno yakichelewa, watu hujaza nafasi kwa hofu. Imesikika mara nyingi katika Afrika Mashariki kwamba aliyewekewa oksijeni hafiki mbali. Asili ya hofu hiyo yafahamika: oksijeni ilikuwa haba, ikatolewa kwa waliokuwa karibu kufa, nao wakafa. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa amri. Huondolewa na muuguzi awezaye kusema, kwa lugha ya mama wa mtoto, kwa nini ameiweka mapema na ataiondoa lini.

Kwa hiyo yafaa vyuo vinavyofundisha uzamili wa fani hii vitie katika mafunzo yao sehemu ya Kiswahili, nayo itahiniwe: kukabidhiana zamu kwa Kiswahili, kueleza usingizi wa dawa, kutoa habari ya msiba, na kupima fahamu kwa msaada wa mkalimani. Kadhalika yafaa wanalugha waende wodini wakasikilize kabla ya kuunda neno lo lote, wala wasifanye kazi hiyo mezani tu. Bingwa atakayerudi Mpanda akiwa na shahada yake atakuta kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwafundisha wengine waone kile akionacho. Atawafundisha kwa Kiswahili, nao watamweleza bibi wa Mlele kwa Kisukuma. Katika kila kivuko cha namna hiyo maana yaweza kupotea. Bibi yule ataishi ikiwa maana imefika.